Mnauliza, Tunajibu: Warsha, Mkazo na Rasimu za Mwandishi Mwanafunzi

Barua za safari hii zimetoka kwa wanafunzi wa idara za Kiingereza wanaosoma uandishi wa kubuni, au wanaojiuliza kama waanze. Tumezifupisha. Majibu ni ya wahadhiri wa somo lenyewe.

Nimezoea kuandika insha kuhusu riwaya za watu. Wenzangu wanasema kozi ya uandishi wa kubuni ni alama za bure. Ni kweli?

Wenzako hawajapata kuandika hadithi ya maneno 3,000 ikasahihishwa mstari kwa mstari. Kusoma hakupungui; kinachobadilika ni swali. Kwenye insha unauliza kazi hii ina maana gani. Hapa unauliza imeundwaje, na wewe ungeweza kuunda nini kwa mbinu hiyo.

Jaribu zoezi hili kabla hujajisajili. Chukua hadithi fupi unayoipenda, zipe aya zake nambari, kisha pembeni ya kila aya andika kazi yake kwa maneno yasiyozidi matano: tukio, kumbukumbu, majibizano, maelezo ya mahali. Halafu tafuta aya ambayo kwayo msomaji anajua kwa mara ya kwanza jambo kubwa la hadithi. Utashangaa lilivyocheleweshwa. Kama zoezi hili limekuchosha, baki na insha, hakuna aibu. Kama limekunyima usingizi, karibu.

Somo hili si geni vyuoni. Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kilianza kukubali kazi za kubuni kama tasnifu za shahada za juu mwaka 1922, na warsha yake maarufu ikaanzishwa mwaka 1936. Uingereza, Chuo Kikuu cha East Anglia kilianzisha shahada ya uzamili ya somo hili mwaka 1970. Mtindo huo wa warsha, yaani wanafunzi kuzunguka meza wakichambua kazi ya mwenzao, ulienea sana kutoka Iowa, na ndio unaomsumbua msomaji anayefuata.

Darasani tuko 14. Hadithi yangu ilipojadiliwa, tisa walisema mwisho umekuja ghafla, wanne wakasema mwisho huohuo ndio uliowakuna. Nimeuandika upya mara tatu na kila mara unazidi kuharibika. Nimsikilize nani?

Uache mwisho kwanza. Wasomaji tisa waliojikwaa ni ushahidi kwamba kuna shimo, lakini si lazima shimo liwe pale walipoangukia. Mara nyingi mwisho huonekana wa ghafla kwa sababu ukurasa wa kwanza na wa pili haukutuambia mhusika anataka nini. Soma kurasa hizo mbili, kisha andika sentensi moja: anataka nini, nini kinamzuia, akikosa atapoteza nini. Tumia yaliyomo kwenye karatasi tu, si uliyonayo kichwani. Ukikwama, shimo umeliona.

Kisha warudie wale wanne. Waulize ni mstari gani uliowatayarisha. Huenda walinasa dokezo dogo ambalo wenzao tisa waliliruka, pengine kwa sababu umelizika katikati ya aya ndefu. Lisogeze hadi mwisho wa aya, mahali ambapo jicho hupumzika, au liongezee sentensi moja. Hapo mwisho wako wa awali unaweza kusimama bila kuguswa hata nukta.

Kuhusu maoni kwa jumla, yachambue kwa aina. Msomaji akisema “hapa nilichoka,” anatoa taarifa ya kilichompata, mwamini. Akisema “nilichoka kwa sababu maelezo ni mengi,” anabashiri chanzo, pima. Akisema “ungemuua yule dada,” ameanza kuandika hadithi yake mwenyewe. Mshukuru, endelea na yako. Mwalimu naye hupimwa hivyohivyo, ingawa ubashiri wake kwa kawaida una uzoefu nyuma yake. Hadithi zinazoharibika baada ya warsha ni zile zilizotii kila mtu. Huwa hazina kosa, na hazina mwenyewe.

Siku ya warsha usifungue faili. Ngoja siku tatu au nne, kisha chukua nakala moja safi na uhamishie humo alama zote kutoka nakala 13 za wenzako, kila moja mahali pake. Alama zikirundikana ukurasa wa 4, anza ukurasa wa 4. Alama iliyo peke yake inaweza kusubiri.

Nusu ya matatizo huanza kabla ya kikao. Tuma kazi siku tano hadi saba mapema, herufi za ukubwa wa pointi 12, nafasi mara mbili kati ya mistari, pambizo za sentimita 2.5, kurasa na mistari vikiwa na nambari. Nambari za mistari zinaonekana jambo dogo, lakini katika kikao cha dakika 40 zinaokoa muda mwingi wa “pale kwenye ile aya, si hiyo, ile ya juu.” Nawe ukiwa msomaji wa mwenzako, soma mara mbili: mara ya kwanza bila kalamu, mara ya pili nayo.

Kuna kanuni ya zamani kwamba mwandishi anyamaze wakati kazi yake inajadiliwa. Ina mantiki, maana kitabu hakisafiri na mwandishi wake ili amweleze msomaji alichokusudia. Lakini ina madhara pia: darasa linaweza kupoteza dakika 20 likibishana juu ya jambo ambalo neno moja la mwandishi lingelimaliza. Ukiona hivyo, pendekeza utaratibu uliobuniwa mwaka 1990 na Liz Lerman, mtunzi wa dansi wa Marekani. Una hatua nne: wasomaji wanasema kilichowagusa, mwandishi anauliza maswali yake, wasomaji wanauliza maswali yasiyobeba hukumu, mwisho wanatoa maoni, kila mmoja akiomba ruhusa kwanza. Hatua ya pili ndiyo yenye faida kubwa, mradi uje na maswali mawili matatu ya maana. “Mmeipenda?” halimo. “Mligundua ukurasa gani kwamba msimulizi anadanganya?” hilo ndilo.

Nimezoea mashairi ya Kiswahili yenye vina na mizani. Nilitunga soneti ya Kiingereza, mistari 14, kila mmoja mizani 10 kamili. Mwalimu ameandika “wizani unachechemea, na vina vingi si vina.” Nimehesabu tena na tena, ziko kumi!

Hesabu yako ni sahihi. Umehesabu kitu kisichotosha. Ushairi wetu wa kimapokeo huhesabu mizani, yaani silabi. Soneti ya Kiingereza huhesabu mizani na mkazo pamoja, na hapo ndipo unapotoka wizani, yaani mdundo wa mstari: mizani kumi, zikiwa jozi tano, na katika kila jozi sauti ya kwanza hafifu, ya pili nzito.

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Sikio lililolelewa hivyo huvutiwa na maneno ya Kiingereza yenye umbo hilohilo. Mstari kama “Morning water carries children's laughter” una mizani 10 na mikazo mitano, lakini jozi zote zimepinduka, nzito kabla ya hafifu, na mstari unaishia kwa sauti dhaifu. Linganisha na “The morning water bears the children's shouts.” Idadi ni ileile, ila sasa sauti inapanda na kutua kwa kishindo. Mara nyingi dawa ni ndogo hivyo: neno hafifu mwanzoni, neno zito la silabi moja mwishoni. Kupindua jozi ya kwanza peke yake kunaruhusiwa na hupendeza. Mstari mzima ukipinduliwa, tena mfululizo, ndipo shairi linapochechemea.

Usikisie mkazo. Kamusi nyingi za Kiingereza huuonyesha kwa alama ndogo kabla ya silabi nzito. Angalia hasa maneno yanayobadilika: “record” likiwa nomino mkazo uko mwanzoni, likiwa kitenzi uko mwishoni. Silabi zenyewe nazo husinyaa, kwani “every” kwa kawaida hutamkwa mbili, si tatu. Soma mstari kwa sauti ukigonga meza kila penye mkazo. Ukijikuta unalilazimisha neno litamkwe visivyo ili ligonge vizuri, badilisha neno.

Sasa vina. Kwetu, “kalamu” na “elimu” zinatosha kwa sababu zote zinaishia “mu.” Kiingereza hudai ulingano uanzie kwenye irabu yenye mkazo hadi mwisho wa neno. Kwa hiyo “waiting” na “singing” hazina kina cha pamoja japo zote zinaishia “ing,” ila “waiting” na “hating” zinacho. Pitia jozi zako zote saba za vina kwa kipimo hicho. Tunashuku nyingi kati ya zilizokosewa ni hizo za “ing.”

Hadithi yangu ilisifiwa, lakini maelezo ya kitafakuri kuhusu nilivyoiandika, ya maneno 1,500, yaliyoambatana nayo yalipata alama ndogo. Nilieleza kwa moyo wote jinsi wazo lilivyonijia.

Hapo ndipo penye tatizo. Msahihishaji hahitaji kujua wazo lilikujia ukiwa wapi. Anataka kuona maamuzi. Chagua matatu tu, kila moja kwa maneno kama 400: tatizo lilikuwa nini, ulijaribu njia gani ikashindikana, kazi gani uliyosoma ilikuonyesha njia nyingine, na nini kilibadilika kati ya rasimu ya pili na ya nne, ukinukuu mstari wa kila rasimu. Utangulizi usizidi maneno 150. Sentensi kama “nilitaka msomaji ahisi huzuni” haina uzito mpaka useme umeondoa nini au umeongeza nini ili ahisi.

Ila huwezi kunukuu rasimu ambayo umeifuta. Kila unapoanza kuandika upya, hifadhi faili mpya yenye tarehe kwenye jina lake. Usiandike juu ya ile ya zamani. Tunza na nakala za warsha zenye maandishi ya wenzako. Ukija kushukiwa kwamba kazi si yako, au kwamba imeandikwa na programu ya akili mnemba, bunda hilo ndilo litakalokusemea. Kanuni za programu hizo hutofautiana hata kati ya kozi mbili za idara moja, kwa hiyo soma mwongozo wa kozi kabla hujagusa chochote.

Katika hadithi zangu za Kiingereza, mhusika anapokumbuka yaliyopita najaza “had” kila sentensi. Nisipoziweka, wasomaji wanapotea.

Weka mbili wakati wa kuingia kwenye kumbukumbu, kisha endelea na wakati uliopita wa kawaida, kisha weka moja unapokaribia kutoka. Msomaji akishavuka mlango hahitaji kukumbushwa kila hatua kwamba yuko chumba kingine. Wakati wa kutoka, mrudishe kwa kitu cha kushikika kilichokuwepo kabla ya kumbukumbu, kikombe au mlio wa mlango.

Na mkiwa hapo, chunguzeni “and then.” Kiswahili kina “-ka-” inayobeba mfululizo bila kuchosha: alifika, akaketi, akanyamaza. Kiingereza hakina kiungo hicho, na mwenye mazoea ya “-ka-” hukifidia kwa “and then” tano kwenye aya moja. Futa nne, mpangilio wa vitenzi wenyewe unaonyesha kipi kilitangulia.

Naweza kuwasilisha hadithi moja kwenye kozi mbili?

Bila idhini ya maandishi ya walimu wote wawili, usithubutu. Vyuo vingi huhesabu hilo kama udanganyifu hata kama kila neno ni lako.

Nikitumia neno la Kiswahili katika hadithi ya Kiingereza, niliandike kwa herufi za mlazo na kuweka tafsiri?

Tafsiri ya papo kwa papo huvunja sauti ya msimulizi, kwa sababu mtu hajitafsirii lugha anayoiwaza. Acha tendo lieleze: mhusika akiliinua, akilila au akiliogopa, msomaji atajua ni kitu cha namna gani. Herufi za mlazo ni uamuzi wa mtazamo: zinasema neno hili ni geni, basi jiulize ni geni kwa nani. Msimulizi aliyekulia nalo halioni geni. Ukishaamua, fuata uamuzi huohuo kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.