Mto Ugalla: fika asubuhi, kisha utulie

Husikitika ninapomsikia mwenyeji mwenzangu wa Tabora akisema kwamba anayetaka kuona viboko hana budi kufunga safari hadi Serengeti, ilhali Mto Ugalla unapita kusini mwa Urambo, na pori lake, lililokuwa pori la akiba kwa miaka mingi, lilipandishwa hadhi mwaka 2019 likawa hifadhi ya taifa.

Nenda Septemba au Oktoba. Majira hayo mto huwa umekatika na kubaki madimbwi marefu, na viboko na mamba waliotawanyika wakati wa masika husongamana humo, huku miombo ikichipua majani mekundu hata kabla ya mvua ya kwanza. Mimi safari yangu ya kwanza niliifanya Desemba, na gari likazama katika mbuga, kwa maana tuliyoizoea Unyamwezini, yaani bonde la udongo mweusi ambao ukishalowa haupitiki. Tulichimba magurudumu tangu adhuhuri hadi jua likazama, na mto wenyewe hatukuuona.

Jambo ninalowasisitizia wageni wangu kuliko yote ni mbung'o. Wadudu hawa hufuata gari linalotembea, na huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana hata mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Iache nyumbani suruali ya jinzi, uvae nguo nzito za mikono mirefu zenye rangi ya udongo au ya majani makavu, na ufunge madirisha hata kama joto ni kali. Ukipatwa na homa siku au wiki kadhaa baada ya kurudi, mweleze daktari waziwazi kwamba ulikuwa Ugalla ukaumwa na mbung'o, kwa sababu malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, huanza kwa homa na maumivu ya kichwa yanayofanana sana na malaria, na kipimo cha malaria pekee hakitoshi kuyagundua.

Mafuta, chakula na maji ya kunywa vitoshe safari nzima tangu mnapoondoka Urambo. Ukiwa hifadhini, omba kuongozana na askari wa uhifadhi, umwache yeye achague mahali pa kukaa, kwenye kingo ya juu yenye kivuli, mbali na njia ambazo viboko wamezichonga kwa kupanda na kushuka. Usisimame kamwe kati ya kiboko na maji, wala usishuke kunawa mikono, hata pale ambapo maji yanaonekana matupu.

Kisha kaeni kimya. Wengi huzunguka na gari kutwa nzima wakitafuta wanyama, nami nadhani hilo ni kosa, kwani wakati wa kiangazi wanyama ndio wanaoufuata mto. Mwaka juzi tulikaa tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukiwasikiliza ndege aina ya furukombe wakiitana, na ilipokaribia saa tatu akatokea palahala dume, mweusi, pembe zimepinda hadi mgongoni, akasimama muda mrefu akinusa upepo kabla ya kuinamisha kichwa kunywa. Mwanangu alinishika mkono asithubutu kusema neno, na hatukuinuka pale hadi mnyama yule aliporudi mwenyewe ndani ya miombo.