Je, ni lazima mume athibitishwe kuwa mgonjwa wa akili?

SWALI: Dada yangu alifunga ndoa mjini Manila na mwanamume Mfilipino. Tangu miezi ya mwanzo mume alikuwa akitoweka nyumbani bila taarifa, fedha za matumizi akizimalizia kwenye kamari, na mtoto wao hajawahi kumshughulikia. Kwa kuwa Ufilipino haina talaka kwa wasio Waislamu, wakili amemshauri aombe ndoa itangazwe kuwa batili kwa sababu mume hana uwezo wa kisaikolojia wa kuishi katika ndoa. Mume huyo hajawahi kutibiwa akili, na hatakubali kupimwa. Je, shauri hilo litasimama? Na mtoto atahesabiwa kuwa wa nje ya ndoa?

JIBU: Shauri linaweza kusimama, ingawa hofu ya dada yako ingekuwa na msingi zaidi kabla ya Mei 2021.

Kifungu cha 36 cha Sheria ya Familia ya nchi hiyo, iliyoanza kutumika mwaka 1988, kinasema kuwa ndoa ni batili ikiwa mmoja wa wanandoa, wakati wa kuifunga, hakuwa na uwezo wa kisaikolojia wa kutimiza wajibu wa msingi wa ndoa, hata kama upungufu huo ulidhihirika baadaye. Wazo hilo lilitoka katika sheria za Kanisa Katoliki, na walioandaa sheria waliacha kwa makusudi kulifafanua ili majaji wapime kila shauri kwa mazingira yake. Majaji nao wakalibana: mwaka 1995 Mahakama ya Juu ilidai upungufu uwe mzito, uwe na chanzo kabla ya ndoa na usiwe wa kutibika, na mwaka 1997 ikaongeza kwamba chanzo chake kitambuliwe kitabibu na kuthibitishwa na wataalamu. Kwa maoni yangu, masharti hayo yaliwageuza waombaji kuwa watafuta vyeti vya hospitali, wakati sheria yenyewe haikutaja ugonjwa wowote.

Tarehe 11 Mei 2021 mahakama hiyohiyo iliamua kwamba upungufu huu ni suala la kisheria, si la kitabibu. Shahidi mtaalamu si wa lazima tena. Watu wa kawaida waliomfahamu mume kabla ya harusi, kama vile ndugu na marafiki, wanaweza kueleza mwenendo unaoonyesha kwamba nafsi yake ilivyojengeka haimruhusu kuelewa na kutimiza wajibu wa ndoa. Kutotibika nako sasa kunamaanisha kwamba hali hiyo ni ya kudumu kwa mwenzi huyu mahususi, kiasi kwamba ndoa haikuwa na namna ya kusalimika. Hata hivyo, mlango haukuachwa wazi: ushahidi lazima uwe wa wazi na wenye kushawishi, kiwango kilicho juu kuliko cha madai ya kawaida.

Hapo ndipo penye kazi kubwa ya dada yako. Kamari na kutoweka, vikielezwa peke yake, vitaonekana kuwa tabia mbaya ya mtu asiyetaka kubadilika, na kutotaka si kutoweza. Hata kumtelekeza mwenzi kwa zaidi ya mwaka mmoja bila sababu ya haki ni msingi wa kutengana kisheria tu, ambako hakuvunji kifungo cha ndoa. Kwa hiyo atafute mashahidi wa miaka ya ujana wa mume, kwa sababu simulizi inayoanzia siku ya harusi haitatosha. Mume akikiri yote au asipofika mahakamani, hukumu haitatolewa kwa sababu hiyo pekee, kwani mwendesha mashtaka hutakiwa kuhakikisha kwamba wanandoa hawajakula njama wala ushahidi haujatungwa.

Kuhusu mtoto, kifungu cha 54 kinamlinda: aliyetungwa mimba au kuzaliwa kabla ya hukumu ya kifungu cha 36 kuwa ya mwisho ni mtoto halali. Dada yako asifunge ndoa nyingine kabla ya hukumu hiyo kuwa ya mwisho na kusajiliwa, pamoja na mgawanyo wa mali, katika ofisi ya usajili inayohusika. Akikiuka utaratibu huo, ndoa ya pili nayo itakuwa batili.