Huna cheti? Weka michoro yako

Kijana mmoja wa Makambako ameniandikia. Ametengeneza mashine ya kupukuchua mahindi kwa vyuma chakavu, jioni anachonga sanamu za mbao, na juzi mteja amemwambia kazi yake ni nzuri ila wanatafuta "mtu aliyesomea". Anauliza: "Kaka, nirudi shule au niendelee?" Siku ile nilimjibu kwa maneno machache. Jibu lenyewe ni hili, na nimeliweka hapa kwa sababu najua hayuko peke yake.

Mimi nilianzia Mwanjelwa, Mbeya, kwenye karakana ya mtu, nikimshikia kazi fundi na kufagia vipande. Kuchomelea nilijifunza kwa kumtazama. Kuchora hakuna aliyenifundisha: nilianza kwa chaki kwenye sakafu, nikahamia kwenye karatasi za mifuko ya saruji, nikaja kununua daftari. Miaka ya madirisha na vitanda vya chuma naiacha, kila fundi anaijua.

Kilichonibadilisha ni maua ya Kitulo. Nilikwea kule juu msimu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili ndipo nyanda zile zinachanua, nikaona okidi zimetapakaa kwenye majani mabichi. Wenyeji hupaita Bustani ya Mungu, na tangu 2005 ni hifadhi ya taifa. Nikarudi mjini na jambo moja kichwani: ua lile nitalitoa kwenye chuma.

Nilikata petali kwenye bati la pipa kuukuu. Nikachimba shimo la kina kidogo kwenye gogo la mkaratusi, nikaweka bati juu yake, nikagonga taratibu kwa nyundo ya kichwa cha mviringo, kuanzia ukingoni kuja katikati, hadi likajikunja lenyewe. Bati likianza kuwa gumu unalipasha moto liwe jekundu, unaliacha lipoe polepole, kisha unaendelea. Shina nilitoa kwenye nondo. Watu walisimama barabarani kuangalia.

Chuma kina tabia zake, na hakuna aliyekuja kuniambia. Chuma cha kumimina, kama kile cha blok ya injini, ukikichomelea kikiwa baridi kinapasuka pembeni mwa kiungo. Kipashe moto kwanza, ukimaliza kifukie kwenye majivu makavu kipoe taratibu. Springi ya gari ukiichovya kwenye maji ikiwa nyekundu inakuwa ngumu, lakini inakatika kirahisi. Na bati la mabati usilichomelee kwenye chumba kilichofungwa: ule moshi mweupe ni wa zinki, utakupa homa na baridi usiku kucha. Kwangua ile zinki ya juu kwanza, fungua milango, kaa upande unaotoka upepo. Nawasisitizia vijana hili kuliko yote, kwa sababu mapafu hayana spea.

Sasa nije kwenye lile linaloniuma. Hoteli moja iliyaona maua yangu, ikaniita nibuni geti lao. Nilichora geti zima: okidi zikipanda nguzo mbili na kukutana juu, vipimo vyote, hadi unene wa kila bomba. Wakaomba waache mchoro "bosi auangalie". Baadaye nikaambiwa kazi amepewa mwingine, maana mimi sina cheti. Geti lipo. Ni mchoro wangu, pamoja na jani moja ambalo nilikuwa nimelipinda kushoto kwa makusudi. Nikipita pale naliangalia kila mara, na moyo haujatulia.

Ndugu zangu, nisikilizeni. Mtu aliyejifundisha mwenyewe anatetewa na kitu kimoja tu: ushahidi kwamba wazo lilitoka kwake. Chora. Andika jina lako kwenye mchoro. Andika tarehe. Piga picha kazi inapoanza, inapokuwa nusu, inapoisha. Mpe mteja nakala, wewe ubaki na mchoro halisi. Na hela ya mchoro ilipwe kabla ya hela ya chuma, kwa risiti yake, hata kama ni kidogo, kwa sababu anayelipia mchoro amekiri kuwa umetoka kwako. Nitarudia: chora, andika jina, andika tarehe.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mkisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa. Alifinyanga vyungu kwa mikono, bila gurudumu, vikavushwa kwa mitumbwi hadi gulioni upande wa Matema. Vyungu vile vimefika mbali na vinasifiwa mpaka leo, lakini vinasifiwa kama vyungu vya Wakisi. Jina la bibi halimo hata kwenye kimoja. Yeye hakulalamika. Mimi nalalamika kwa niaba yake, na sitaki mwanangu aje kunilalamikia hivyo.

Sheria ipo upande wetu kuliko tunavyodhani. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inalinda mchoro na sanamu tangu pale unapoumaliza, hata kabla hujaenda ofisi yoyote. Kinachobaki ni wewe kuthibitisha kuwa ni yako. Ukibuni mashine mpya kabisa, hiyo ni habari ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, nayo inasajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni. Usiitangaze kwanza mitandaoni, maana hataza inataka kitu ambacho bado hakijajulikana. Na kuna MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza 2019, ambako wabunifu wasiosomea chuoni nao wanapokelewa.

Kuhusu shule: soma ukipata nafasi, lakini usiache karakana ukidhani bila chuo wewe si kitu. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa mtu aliyejifunzia kazini. Wanakuja kukuona unavyofanya kazi, wanakupima, ukifaulu unapewa cheti. Nenda kaulize ratiba yao, na nenda na daftari lako.

Mimi nilipimwa, cheti ninacho. Nimekiweka kwenye bahasha moja na michoro, na mteja akikiulizia namkabidhi bahasha nzima. Michoro iko juu.