Kompyuta ipo stoo, mbona mzigo bado unalala?

SWALI: Mhariri, mimi ni mfanyabiashara wa jumla hapa Ngamiani, Tanga, nauza unga na sukari kwa wenye maduka wa Muheza, Pangani na Korogwe. Mwaka jana nilinunua kompyuta na programu ya hesabu za stoo, lakini bado kuna wiki unga unalala na wiki wateja wanarudi mikono mitupu. Je, fedha zangu zimepotea?

JIBU: Hazijapotea, ndugu msomaji, ila zimefanya nusu ya kazi. Programu yako inakueleza kilichomo stoo kwako. Haikuelezi kilichobaki dukani Pangani, na tatizo lako liko huko. Mwenye duka aliyezoea kuuza mifuko kumi huagiza kumi na mitano akihofia kuishiwa. Nawe, ukidhani biashara imechangamka, unaagiza zaidi kiwandani, na anapokaa kimya akimalizia akiba yake, unga unakulalia. Walaji hawakuongeza hata kibaba.

Kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani iliwahi kuligundua jambo hilohilo katika nepi: watoto walizitumia kwa kiasi kisichobadilika sana, lakini maagizo ya wasambazaji yalipanda na kushuka kupita kiasi, na yale ya kampuni yenyewe kwa wauza malighafi yakayumba zaidi.

Kwa hiyo, kabla hujaongeza hata shilingi kwenye mitambo, waombe wateja wako wakubwa wakutumie kila jioni, hata kwa ujumbe wa simu, idadi ya mifuko iliyouzwa na iliyobaki, kisha uagize kwa kuifuata hiyo. Watasita (hakuna mwenye duka apendaye kuchunguliwa mauzo yake, wala siwalaumu), basi wahakikishie mgao wao wa sukari wakati wa Ramadhani. Mtazame pia karani wako: akiandika daftarini lori linaposhushwa, kisha akanakili kwenye kompyuta mwisho wa wiki, unaagiza kwa hesabu zilizokwisha kupitwa.

Ukiamua kubadili mfumo mzima, usifanye hivyo karibu na msimu. Mwaka 1999 kampuni ya peremende ya Hershey, Marekani, iliwasha mfumo mpya wa kompyuta maagizo ya Halloween (sikukuu yao ya mwisho wa Oktoba, watoto wanapogawiwa peremende) yakiwa yameanza kumiminika. Bidhaa zilikuwepo maghalani, lakini maagizo ya takriban dola milioni 100 hayakuwafikia wateja kwa wakati. Wewe subiri Idi ipite, uanze na unga peke yake.