Fundi anasema "tutayaona kwenye finishi"

SWALI: Shikamoo fundi. Ninajenga nyumba ya vyumba vitatu Bagamoyo, upande wa Kaole, si mbali na bahari. Ukuta umefika lenta na wiki ijayo fundi wangu anataka kumwaga zege, kisha apaue. Nikimuuliza habari za madirisha, swichi na bafu, ananijibu: "Mama, hayo madogo, tutayaona kwenye finishi." Nimwachie aendelee?
Mama Mjenzi, Bagamoyo

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimwachie. Simamisha kazi siku moja, chukua chaki, ingia na fundi chumba kwa chumba, mchore ukutani kila kitu kitakapokaa.

Anzeni na madirisha, hasa ya ukuta unaotazama kusini-mashariki. Kusi ikivuma, mvua ya pwani haidondoki wima, inakuja mshazari. Kizingiti cha chini cha dirisha kikiwa bapa, au kikiinamia ndani, maji yatapita chini ya fremu, na rangi chini ya dirisha itavimba na kubanduka kila masika. Kizingiti kiinamie nje, kitokeze kama sentimita 5 mbele ya ukuta, na upande wake wa chini, karibu na ukingo, fundi achore mfereji mwembamba kama kidole. Maji yakifika hapo hukatika na kudondoka. Mfereji usipokuwepo yanatambaa kurudi ukutani. Plasta ikiwa mbichi hiyo ni kazi ya dakika chache kwa kipande cha nondo. Ikishakauka, ni grainda, vumbi na pesa.

Kabla ya kupaua, amueni upenu. Kwa Kaole ningetaka bati litokeze sentimita 75 hadi 90. Najua siku hizi watu wanapenda nyumba za kuficha bati nyuma ya ukuta. Pwani siziungi mkono hata kidogo: ukuta unabaki wazi kwa jua na mvua, na mfereji wa juu ukiziba majani, maji yanarudi darini.

Pita Mji Mkongwe wa hapo Bagamoyo utazame zile nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa. Vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazikuzidi sana mita 3. Urefu wa boriti ulijulikana kabla ya msingi kuchimbwa, hakuna aliyesubiri ukuta usimame ndipo afikirie dari.

Kwa zege la wiki ijayo, kagua biskuti za kushikilia nondo, vile vipande vidogo vya zege vinavyoitenga nondo na mbao. Karibu na bahari nondo ifunikwe na zege sentimita 4 hadi 5, maana chumvi ikiifikia inashika kutu, kutu inavimba, na zege linapasuka kutoka ndani. Mchanga wa ufukweni usikanyage kiwanja chako, wala maji ya kisima chenye chumvi. Lenta imwagiliwe siku 7 mfululizo.

Swichi ni rahisi. Simama mlangoni, fikiria usiku, nyoosha mkono: hapo ndipo pa kuchora, upande wa kitasa. Nimeona nyumba nyingi ambazo ukifungua mlango unaifunika swichi. Chora pia soketi ya friji na ya feni.

Sakafu ya bafu ikae chini ya ya korido kwa sentimita 2 au 3, nayo iteremkie kwenye tundu la maji sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Kabla ya taizi, mwaga ndoo ya maji uone yanakokwenda.

Piga picha kuta zote zenye chaki kwa simu yako. Mabomba ya umeme na ya maji yakishalazwa, piga tena kabla plasta haijayafunika, ili siku ya kutoboa ukuta ujue pa kukwepa. Fundi akisema haya yanaongeza gharama, mwambie aandike kila moja na bei yake. Mifereji ya vizingiti asikudai kitu, hiyo ni sehemu ya plasta.