Niliwadanganya Nipo "Huduma kwa Wateja"

Juzi usiku kuna dada aliniandikia. Ameniruhusu ninukuu, jina kaniomba niliache: "Kaka, nimepata kazi kwenye mgahawa wa baga na chipsi. Naanza Jumatatu. Nina shahada yangu ndani, na kila nikifikiria kuvaa ile kofia machozi yananitoka. Niende nisiende?"

Kusema kweli nilianza kwa kucheka. Kisha kicheko kikaniishia, maana ile kofia naijua. Nimeivaa miaka miwili na miezi minne, na kwa muda wote ninaoandika hapa sijawahi kuigusia hata kwa bahati mbaya. Mnanijua kama mtu wa maghala: mizigo, magari, ratiba, watu kumi na wanne chini yangu. Wengi mnaniandikia kwa sababu mnataka kufika hapo, au mbele ya hapo. Basi leo tuongee nilikopitia.

Kipindi cha kumaliza chuo na kutuma maombi nakiruka. Mnakijua. Barua zinakwenda, majibu hayarudi, unaanza kuamka saa nne asubuhi kwa sababu hakuna anayekusubiri. Mwezi wa tisa wa hali hiyo nilipita mbele ya mgahawa wenye tangazo la kazi mlangoni, nikaingia, na kesho yake nilikuwa nimesimama mbele ya mashine ya kukaangia.

Watu wanadhani kazi ile haina cha kujifunza. Ngoja niwaambie habari ya barafu. Viazi vya chipsi vinakuja vimegandishwa, na chini ya kila mfuko kuna chembechembe za barafu. Mafuta yako kwenye nyuzi joto 175 au 180 hivi. Ukimimina mfuko mzima kwenye kikapu na kukizamisha kwa pupa, ile barafu inageuka mvuke papo hapo, mafuta yanafura na kuruka. Siku yangu ya pili yaliniruka juu kidogo ya kiganja, yakaniachia kovu la ukubwa wa punje ya haragwe. Ninalo hadi leo. Aliyenifundisha alikuwa binti wa miaka kumi na tisa ambaye sekondari hakuimaliza. Alikichukua kikapu, akakitikisa mbali na mafuta mpaka barafu ikadondoka, akakizamisha nusu, akasubiri povu litulie, ndipo akakiachia chote. "Usigombane na mafuta," akaniambia, "yatakushinda." Mimi na shahada yangu tukasema ahsante.

Hiyo ni mashine moja. Ikifika saa saba mchana king'ora cha kikapu cha kwanza kinalia, cha pili kimebakiza dakika moja, kwenye skrini kuna oda tisa, ya nne haitaki kitunguu, anayekuja kuchukua vyakula vya kupeleka majumbani anagonga kaunta, na mtoto kamwaga soda mlangoni, mtu atateleza sasa hivi. Ukilichukua moja moja, hakuna gumu. Shughuli ni kwamba yote yanakutaka kwa wakati mmoja, na uso wako unatakiwa uwe na tabasamu.

Mwili ulizoea baada ya wiki tatu. Aibu ndiyo iliyokataa kuzoea.

Nyumbani nilisema nimepata kazi "idara ya huduma kwa wateja". Wateja walikuwepo, na niliwahudumia, kwa hiyo nikajiambia si uongo mtupu. Nilitoka asubuhi na shati limepigwa pasi, sare iko kwenye begi, nikibadilishia chooni kazini na kubadilisha tena kabla ya kurudi. Miezi kumi na moja.

Ijumaa moja keshia aliumwa, meneja wa zamu akanitoa jikoni akaniweka kaunta. Mtu wa sita kwenye foleni alikuwa mwenzangu wa chuo. Tulikuwa tunashindania nafasi ya kwanza darasani, na niseme tu, mara nyingi nilikuwa mbele yake. Nilipiga hatua moja kwenda nyuma ya friji ya vinywaji, kweli kabisa, mtu mzima na kofia yangu, lakini alishaniona. Akaagiza. Nikairudia oda yake kama tulivyofundishwa. Nikampa chenji. Akazisukuma zile sarafu tatu zirudi kwangu, kwa kidole kimoja, akasema kwa sauti ya upole, "Kaa nazo, ndugu yangu. Mambo yatakaa sawa."

Angenitukana ningeshasahau. Sarafu nilizitia kwenye kisanduku cha michango pale kaunta, na jioni ile chakula hakikupita. Miaka imekwenda, tunasalimiana vizuri, ni mtu mwema. Lakini kila tukikutana kile kidole ndicho ninachokitazama kwanza. Najua simtendei haki. Sijaweza kuacha.

Wiki ile ile mama alinikuta nafua shati usiku. Akalichukua, akalinusa kama mtu anayepima maziwa kama yamechacha, akaniuliza: "Mwanangu, hiyo huduma kwa wateja mnaikaanga?"

Alikuwa anajua tangu mwanzo. Zile ndimu zilizokatwa ambazo nilizikuta kila jioni karibu na sabuni, mimi nilidhani ni za chai. Miezi kumi na moja mama ananikatia ndimu za kuondoa harufu mikononi, na mimi namtazama usoni namdanganya.

Mjomba yeye hakuwa na ndimu. Habari ilipomfikia alisema mbele ya watu, "Ndiyo tulikusomesha ukakaange viazi?" Nitaishia hapo kwa sababu ni mjomba wangu, ingawa viazi hivyo hivyo vililipa ada ya mwanawe muhula mmoja, na hilo sikuwahi kulisema popote mpaka leo.

Baadaye nilipopata nafasi ya kusoma nilitaka kujua dharau hii ilitoka wapi, maana mpishi wa hotelini hadharauliwi hivi. Mwaka 1948 ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, waanzilishi wa McDonald's, waliufunga mgahawa wao kule San Bernardino, California, wakawaachisha wahudumu waliokuwa wakipeleka chakula kwenye magari, wakapunguza orodha ya vyakula, kisha wakafungua upya na jiko linaloendeshwa kama kiwanda. Huyu anageuza nyama tu, huyu chipsi tu, huyu anafunga. Baadaye, walipokuwa wakipanga jiko jipya, walilichora kwa chaki kwenye uwanja wa tenisi na kuwatembeza wafanyakazi humo wakiigiza kazi, ili kila mashine ikae pale ambapo mtu hapotezi hatua. Ni akili kubwa, sikatai. Ila kazi ikishakatwa vipande vidogo namna hiyo, kila kipande kinafundishika kwa siku chache, na aliyefundishwa kwa siku chache anapatiwa mbadala kwa siku chache. Mshahara ukalifuata hilo, na heshima ikaufuata mshahara. Mwaka 2003 kamusi ya Merriam-Webster ililiingiza neno "McJob", kwa maana ya kazi ya malipo duni, isiyotaka ujuzi mwingi na isiyo na nafasi kubwa ya kupanda. Kampuni ya McDonald's ililalamika, kamusi haikulifuta.

Habari ya malipo kamusi imesema kweli, wala sitaki dada yetu aende Jumatatu akidhani nimempaka mafuta. Malipo ni duni, miguu inauma, na kuna mameneja ambao Mungu anawajua. Wa kwetu alikuwa na mchezo wake: zamu inaisha saa nne usiku, sisi tunasugua mashine mpaka saa nne na nusu, na ile nusu saa haihesabiwi. Mimi, msomi, niliyejua kusoma mkataba, sikuuliza. Kuuliza kungekuwa kukiri kwamba hii ndiyo kazi yangu, na mimi nilikuwa nimejiaminisha kwamba napita tu. Aliyeuliza ni yule binti wa barafu. Alikuwa anaandika muda wake kwenye kidaftari kila siku, akakipeleka kwa bosi mkubwa, akalipwa malimbikizo yake. Mimi sikuwa na daftari. Sikulipwa.

Hapo ndipo ningependa msome mara mbili. Aibu ilinigharimu pesa taslimu. Novemba 2012 wafanyakazi wa migahawa hii New York waligoma wakaingia barabarani kudai dola 15 kwa saa, watu wakawacheka. Tangu Aprili 2024, sheria ya California inataka kampuni za vyakula vya haraka zenye matawi 60 au zaidi nchini Marekani zilipe angalau dola 20 kwa saa. Mtu anayeikana kazi yake hawezi kuidai kitu. Waliodai walitoka na sare zao.

Mimi somo hilo lilinichelewa hata baada ya kuondoka. Nilipoomba kazi ya ghala, CV yangu ilikuwa na pengo la miaka miwili na zaidi, kwa makusudi. Aliyenifanyia usaili, mama mmoja wa makamo mwenye miwani puani, akaweka kidole kwenye pengo. "Hapa ulikuwa wapi? Jela?" Nikamwambia. Kwa sauti ndogo. Akaweka kalamu chini.

"Mzigo mpya ukiingia stoo, wa zamani mlikuwa mnauweka wapi?"

"Mbele."

"Kwa nini?"

"Kilichotangulia kuingia ndicho kinachotangulia kutoka. Vinginevyo kitaharibikia nyuma."

Akaniuliza nyuzi joto za chumba cha baridi, nikasema isizidi 5. Chakula cha moto? Kisishuke chini ya 60. Nani alikuwa anahesabu mzigo usiku? Mimi, mwaka wa pili wote. Hesabu ikikataa? Nahesabu tena, kisha naandika pungufu na jina langu. Tuliongea dakika arobaini, na shahada yangu haikutajwa. Mwishoni akaniuliza, "Sasa mbona hukuandika haya?" Sikuwa na jibu la kumpa mtu mzima. Kazi nilipata, na baada ya miaka mitatu nilikaa kwenye kiti chake. Naomba mniwie radhi kwa kulisema hilo, lakini nimelisubiri sana.

Haya, ushauri, maana najua ndio mliokuja kuutafuta.

Usidanganye. Ukiulizwa unafanya kazi wapi, litaje jina la mahali, kwa sauti ile ile unayotajia jina lako. Uongo wa namna hii unataka kulishwa kila siku. Mimi niliulisha shati la pasi kila asubuhi.

Andika. Saa ya kuingia, saa ya kutoka, ulichojifunza, uliyemfundisha. Kidaftari kinatosha. Kisha usiache pengo kwenye CV, yaani narudi kule kule: usidanganye.

Omba kuzungushwa. Mtu akikaa kwenye chipsi miaka miwili atajua chipsi. Omba stoo, omba kuhesabu, omba zamu ya kufungua na ya kufunga. Charlie Bell alianza McDonald's huko Australia akiwa na miaka 15, na mwaka 2004 akawa mtendaji mkuu wa kampuni nzima duniani. Sikuahidi hilo. Jeff Bezos, tajiri aliyeanzisha Amazon, naye aligeuza baga hapo hapo McDonald's akiwa kijana, na ninachoka kila ninapomsikia akitajwa kwenye semina, maana waliogeuza baga naye siku ile hawaitwi kwenye semina yoyote. Ninachosema ni kidogo zaidi: jua kinachotokea mlango wa nyuma, mahali gari la mzigo linaposimama.

Na tuambiane ukweli sisi wenyewe, vijana wa vyeti. Tunataka kazi ya heshima, lakini heshima tunayoidai kwenye mitandao hatuitoi kaunta. Tunaagiza huku tunaongea na simu, tunasukuma pesa bila kumtazama mtu, kisha tunashangaa kwa nini siku tukivuka upande wa pili wa kaunta tunajiona si watu. Tuliyaandaa wenyewe hayo macho tunayoyaogopa. Mtazame usoni. Mwambie ahsante. Na chenji, kama unataka kumwachia, mwachie bila hotuba.

Nimemjibu dada yangu kwamba aende. Nimemwambia avae viatu visivyoteleza hata kama ni vibaya, anunue kidaftari kabla ya Jumatatu, na nyumbani aseme leo, kabla hajazoea kutosema. Alikaa kimya saa nzima, nikadhani nimemuudhi. Kisha akarudi na swali moja: "Na harufu inatoka, kaka?"

Mikononi inatoka, ndimu na sabuni. Kwenye nywele inatoka ukizifunika kabla hujaingia jikoni. Kwenye begi haitoki, kwa hiyo asiende na lile analolipenda.