Nitengeneze Premio yangu au nikope nyingine?

SWALI: Nina Toyota Premio ya 2003, injini ya 1ZZ, cc 1800. Kila kilomita 1,000 inakunywa karibu lita moja ya oili, na nikikanyaga mafuta kwenye mlima inatoa moshi wa bluu. Fundi wa kwanza anataka shilingi 900,000 abadilishe ringi. Wa pili anasema niweke injini ya mtumba kwa 2,300,000. Benki nayo iko tayari kunikopesha milioni 15 kwa miezi 36, riba asilimia 18. Gari likiuzwa lilivyo halizidi milioni 5. Nifanyeje? *Msomaji, Mbezi, Dar es Salaam*

JIBU: Usimlipe fundi yeyote kabla injini haijapimwa. Anza na valvu ya PCV, ile ndogo inayorudisha hewa ya injini kwenye intake, yaani njia ya hewa inayoingia. Ikiziba, injini hula oili, na bei yake ni ndogo. Kisha angalia moshi unatoka saa ngapi. Ukitoka asubuhi unapowasha, halafu ukapotea, shaka kubwa ni seal za valvu. Wako unatoka unapokanyaga, kwa hiyo tunashuku ringi, zile pete zinazozunguka pistoni.

Mwambie fundi apime kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, kwa silinda zote nne, injini ikiwa ya moto. Isishuke chini ya psi 145 (psi ni kipimo cha mgandamizo), na tofauti kati ya silinda moja na nyingine isizidi psi 15. Silinda ikiwa dhaifu, adondoshee oili kidogo kupitia tundu la plagi na apime tena: ikipanda, tatizo ni ringi au silinda yenyewe; isipopanda, aangalie valvu. Lakini usishangae vipimo vikitoka vizuri na oili ikaendelea kupungua. Ringi zinazobana kompresheni zinaweza kuwa nzima, huku ringi ya oili, ile ya chini, imeganda kwa masizi.

Huo ndio ugonjwa unaojulikana wa 1ZZ za mwanzo. Matundu ya pistoni yanayorudisha oili chini yalikuwa madogo, yakaziba, na ringi ikakwama kwenye mfereji wake. Ndiyo maana hatuipendi kazi ya 900,000. Ringi mpya kwenye pistoni zilezile zitaganda tena. Fundi akifungua injini, aweke pistoni za toleo la baadaye zenye matundu yaliyoboreshwa, apime silinda kama hazijalika, na abadilishe seal za valvu hapohapo. Kama hayo hayamo kwenye bei yake, mwache.

Kwa injini ya mtumba, tafuta ya kuanzia 2005. Fungua kifuniko cha oili uchungulie: ukiona tope jeusi limeganda, ondoka. Chomoa plagi zote. Yenye oili mbichi au masizi mazito inakuambia injini hiyo nayo ilikuwa inakunywa oili. Hamisha intake, sensa na waya za gari lako, maana za miaka ya baadaye hazifanani zote. Na kabla injini haijapanda, badilisha seal ya nyuma ya krenki, pampu ya maji, themostati, mkanda na plagi. Seal ya krenki ikivuja baadaye, gia boksi lazima ishuke upya, nawe utalipa ufundi mara mbili. Dai risiti yenye namba ya injini, kwa sababu mabadiliko hayo yanatakiwa kuingizwa kwenye kumbukumbu za gari lako TRA. Kagua pia masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi: oili iliyoungua huyaziba, gari likakosa nguvu hata kwa injini nzima.

Sasa mkopo. Umeandika "asilimia 18" bila kusema inavyohesabiwa, na hapo ndipo watu wengi wanapoumia. Riba ikihesabiwa juu ya milioni 15 zote hadi mwezi wa mwisho, utalipa riba 8,100,000, yaani marejesho ya takriban 642,000 kwa mwezi. Ikihesabiwa juu ya salio linalopungua, marejesho ni kama 542,000 na riba yote haifiki 4,600,000. Asilimia ni ileile, tofauti ni zaidi ya milioni tatu na nusu. Omba ratiba ya marejesho kwa maandishi, pamoja na ada ya mkopo, bima ya mkopo, na masharti ya kulipa mapema. Benki pia itataka bima kubwa. Kwa gari la milioni 20 (mkopo pamoja na bei ya Premio), bima ya asilimia 3.5 na VAT ni 826,000 kwa mwaka.

Kwa hesabu ile ya kwanza, gari jipya kwako ni kama 710,000 kila mwezi, kabla ya kubadilisha hata oili. Tuchukue kwamba injini na ufungaji ni 2,300,000, kisha bushi, shokapu na rejeta 1,200,000: jumla 3,500,000. Hiyo ni chini ya marejesho na bima ya miezi mitano. Watakaokuambia usitengeneze kwa sababu gharama imezidi nusu ya bei ya gari wanapima kitu kisichokuhusu. Wewe unalinganisha na gharama ya kupata gari jingine. Tungeweka injini.

Tungebadili ushauri kwa mambo matatu tu: gia boksi kuteleza au kugonga inapobadili, gari kuwahi kuzama kwenye mafuriko, au bodi kuoza. Wakati unaamua, pima oili kila wiki. Injini hii hubeba chini ya lita nne, na ikipungua moja na nusu, cheni na beringi za krenki zinaanza kuumia.

SWALI: Probox yangu imeoza kwa chumvi pale shokapu ya nyuma inaposhika. Mchomeleaji anasema ataweka kiraka. Injini ni nzima kabisa. *Msomaji, Likoni, Mombasa*

JIBU: Probox haina chasi ya kujitegemea, bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Chokoa sehemu hiyo kwa bisibisi. Ikipenya, au kutu imefika inaposhikia mikanda ya usalama, kiraka hakitoshi: bati jipya litachomewa kwenye bati bovu na kuachia kwenye shimo la kwanza ukiwa na mzigo. Uza injini, gia boksi na milango kama spea, na fedha hiyo iwe kianzio. Kama uko kwenye Sacco, uliza riba yao ya salio kabla ya kwenda yadi. Ikiwa bisibisi haipenyi, kata kutu yote hadi bati safi, chomea, paka rangi ya kuzuia kutu pande zote mbili, na osha chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi kila wiki.